Haibridi Namba Nne na Vyuma vya Baba

Baba aliacha kusema nami siku nilipotoka nyumbani na vyuma vyake viwili nikarudi na fimbo moja. Hakugomba. Aliitazama ile fimbo niliyoiegemeza ukutani karibu na ndoo za maji, akaigusa kwa kidole gumba cha mguu kama mtu anayehakikisha nyoka amekufa, kisha akamwambia mama, nami nimesimama hatua mbili kutoka kwake: "Mwambie mwanao chakula changu niletewe nje."

Tangu hapo nyumba yetu ya Ipuli ikawa na watu wawili wasiosikiana na mkalimani mmoja aliyechoka.

Baba ni fundi wa uwanja wa gofu hapa Tabora. Wengi mjini hawajui kama uwanja upo, na wanaojua hudhani ni malisho. Una mashimo tisa. Nyasi zake huonekana masika tu, na kuzunguka shimo lenyewe hakuna nyasi kabisa: kuna duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiuchukue. Duara hilo tunaliita brauni. Baba huuchanganya mchanga huo mwenyewe kwa koleo, ndiyo maana nguo zake zote hunuka gereji hata za kanisani.

Kabla ya ufundi alikuwa mbeba mifuko ya wachezaji. Mmoja wao alipohama mji alimwachia fimbo mbili, chuma namba tatu na chuma namba nne. Ni fimbo ndefu za kupiga mbali. Uso wake ni mwembamba na umesimama karibu wima, na ukiukosea mpira kwa upana wa nusu kidole mtetemo unapanda mpaka kwenye magego. Baba aliziweka juu ya kabati, mahali ambapo watu wengine huweka cheti cha ndoa. Nilijifunzia hizo; nyingine, kama chuma namba tano, niliziokoteza baadaye moja moja. Kati ya mapigo sita nilikuwa napiga moja zuri, na yale matano yalinikaa kichwani wiki nzima.

Mwaka huu klabu ilialikwa kwenda Mwanza kucheza na wenyeji wa huko. Timu ilikuwa ya watu wanne. Watatu walijulikana, na nafasi ya nne ingeamuliwa Jumamosi moja, kwa mashimo tisa. Nilimaliza chuo miaka miwili iliyopita, na kila tangazo la kazi ninalolisoma linataka uzoefu wa miaka mitatu. Nafasi ile ya nne haikuuliza uzoefu. Iliuliza mapigo tu. Niliitaka mpaka nikaona aibu jinsi nilivyoitaka, nikaanza kujifanya siitaki, kisha nikaogopa watu wataamini.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za haibridi. Ni fimbo iliyozaliwa katikati: kichwa chake kina tumbo kwa nyuma kama cha fimbo kubwa ya kuanzia, lakini mpini wake ni mfupi, karibu sawa na wa chuma. Uzito umekaa chini na nyuma, kwa hiyo mpira hupaa hata mkono ukitetemeka. Mkono wangu hutetemeka. Nilitazama video mpaka simu ikawa moto. Nilichora jedwali kwenye daftari: namba ya fimbo, nyuzi za mlalo wa uso, urefu wa mpini, mita. Niligundua kwamba haibridi namba nne haimaanishi kitu kile kile kwa kila mtengenezaji, na ugunduzi huo ulininyima raha siku mbili.

Mtu pekee mjini mwenye haibridi za ziada alikuwa mwenye duka la mabomba na rangi. Ni mtu wa asili ya Kihindi aliyezaliwa hapa hapa, na baba yake kabla yake, na anakisema Kinyamwezi vizuri kuliko mimi. Ndugu zake wa Dar humtumia fimbo. Alikuwa pia mtu pekee niliyekuwa nagombea naye nafasi ya nne. Jambo hilo nililifikiria sana, kisha nikaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti wa fundi. Umekuja kununua bomba?"

"Nimekuja kuona haibridi."

Akacheka kwa pua. "Nilisikia umesoma. Sikujua umesomea kukimbia vyuma."

Uani kwake alikuwa ametundika magunia ya tumbaku kwenye kamba, safu juu ya safu, ya kuzuia mipira, na mbele yake kulikuwa na kipande cha zulia la plastiki la kijani, ukubwa wa ubao wa kukatia vitunguu. Kiangazi ardhi yetu huwa tupu, kwa hiyo kila mchezaji hutembea na zulia lake, anaweka mpira juu yake na kupiga. Alinipa fimbo tatu. Namba tatu ilikuwa na mpini mrefu, ikanirudisha kwenye hofu ile ile. Namba tano ilikuwa tamu mno, lakini mita zake zilikuwa zile zile za chuma changu namba tano, na sikuona maana ya kubeba fimbo mbili za kazi moja. Namba nne iliimba. Mpira ulipanda kwenye gunia la juu kabisa, mara nane mfululizo, nami nikahesabu kwa sauti kama mwendawazimu.

"Umeijaribu chini?" akauliza.

"Chini wapi?"

"Chini. Ardhini."

Nilidhani ananitania. Ndivyo akili yangu ilivyo: mtu akiniuliza saa, nafikiri ameona nimechelewa. Nikamjibu kwamba najua ninachofanya. Akainua mabega. Akasema hataki fedha, anataka vile vyuma viwili vya baba. Amevitamani tangu akiwa kijana na baba alimkatalia kila mara. Baba alikuwa amenipa fimbo zile nilipomaliza chuo, kwa mikono miwili, mbele ya mama. Kwa hiyo nilijiambia ni zangu. Nilijiambia hivyo njia nzima kwenda kuvichukua na njia nzima ya kurudi navyo dukani.

Jioni ya pili ya ukimya wetu tulikuwa tunakula, baba mlangoni, mimi ndani, mama katikati na bakuli la mlenda.

"Mama, mwambie mwanao lile tumbo la fimbo yake litadunda."

"Kasikia," mama akasema.

"Mwambie tu."

"Baba yako anasema tumbo litadunda."

"Mwambie baba tumbo ndilo linalofanya iwe haibridi. Mwambie asome."

Mama aliweka kijiko chini akasema maneno kwa Kinyamwezi, lugha anayoihifadhi kwa watu waliomchosha.  Baba alisukuma sahani, akatoka kwenda kukaa na tupa zake. Mimi nikaenda nyuma ya choo na zulia langu, nikapiga mipira kwenye blanketi kuukuu mpaka viganja vikachubuka. Nilipiga mamia ya mipira wiki ile. Yote juu ya zulia.

Jumamosi ilipofika, nahodha wa klabu, mwalimu mstaafu wa hesabu, alisimama mahali pa kuanzia na daftari lake. Hajawahi kunipenda. Nilipokuwa mdogo alinifukuza uwanjani kwa kukimbia, na nadhani bado ananiona nakimbia.

"Msomi wetu amefika. Haya, mazulia yote kwa fundi."

Sikuelewa. Nikatazama huku na huku. Mwenye duka na wale watatu wa timu, waliokuja kucheza nasi, walikuwa tayari wanayatoa mifukoni.

"Mazulia ya nini, mwalimu?"

"Mwanza kuna nyasi, binti. Hawaruhusu zulia. Mchujo wa safari hatujawahi kutumia zulia. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa chuoni, miaka minne, kila kiangazi chenye mchujo; tangu nirudi haukuwahi kufanyika mwingine. Nilikuwa nimechunguza nyuzi za mlalo, uzito wa mpini, ugumu wa mshikio, upepo wa mchana, hata viatu. Swali moja la kumuuliza mtu wa nyumbani kwangu sikuliuliza, kwa sababu mtu mwenyewe tulikuwa hatusemezani. Naye alikuwa anakuja sasa na toroli, akikusanya mazulia. Alipofika kwangu alinyoosha mkono. Hakunitazama. Nikampa. Mkono wake ulinuka oili.

Ningependa kusema nilipiga vibaya mashimo yote. Haikuwa hivyo. Shimo la kwanza haibridi ilitua nyuma kidogo ya mpira, lile tumbo pana likadunda kwenye ardhi kavu, na ukingo ukaupiga mpira kichwani. Mpira ulikimbia chini chini kama panya kwenye ghala, ukavuka kila kitu, ukasimama karibu na brauni.

"Hiyo nayo ni haibridi," mwenye duka akasema. "Nusu gofu, nusu mpira wa miguu."

Wakacheka. Nilimchukia kwa moyo wote. Nilichukia kofia yake, soksi zake, na jinsi mfuko wake ulivyolia kila alipotembea, maana nilijua ni fimbo zipi zilizokuwa zinagongana mle ndani.

Kilichoniokoa ni brauni. Nimekulia juu ya mchanga ule. Najua pembe ipi baba huzidisha oili na wapi huufanya mzito. Wenzangu walikuwa wanausukumiza mpira shimoni mara tatu pale nilipokuwa namaliza kwa mara moja. Kwa hiyo haibridi ilidunda, mchanga ukanifidia, na baada ya mashimo manane mwalimu alisoma daftari kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya msiba: mimi na mwenye duka tulikuwa sawa.

Shimo la tisa hukata kipande cha njia ya zamani, ile ya misafara iliyokwenda Ujiji. Hakuna kinachoota pale. Baba husema ni miguu ya wapagazi iliyoshindilia udongo, na kwamba babu zetu walibeba pembe, yeye akabeba vyuma, kwa hiyo ukoo wetu unaijua ardhi ile kwa nyayo. Mimi husema ni mfinyanzi na jua. Baada ya pigo la kwanza mpira wangu ulianguka hapo hapo, katikati ya njia, umekaa juu ya udongo mgumu kama sakafu ya sementi.

Wa mwenye duka ulikuwa hatua chache nyuma kwenye udongo ule ule, kwa hiyo alipiga kwanza. Alitoa chuma namba nne. Niliujua mlio ule kabla mpira haujaondoka: mlio mkavu, mfupi, ambao nilikuwa nausikia baba akipiga alfajiri kabla wachezaji hawajafika. Ukingo mwembamba ulipita katikati ya mpira na ardhi kama karatasi chini ya mlango. Mpira ukaenda chini, ukakimbia, ukafika kwenye brauni.

Nilisimama juu ya mpira wangu muda mrefu kupita adabu. Chuma namba tano kisingefika. Haibridi ingefika, kama ingeugusa mpira kwanza. Nilifikiri nisogeze mpira nyuma kuelekea mguu wa kulia. Nikafikiri nisisogeze. Nikafikiri kuhusu Mwanza, kuhusu kuvaa fulana ya timu, kuhusu watu wakiniuliza nafanya nini siku hizi nami nina jibu.

"Binti, jua linatuchoma," mwalimu akasema.

Nikapiga. Tumbo lilidunda. Mpira ulisogea kama mita ishirini, ukaingia kwenye mtaro wa tairi. Pigo la tatu, kwa chuma namba tano, lilifika kwenye brauni. Mwenye duka alikwisha kumaliza kwa mapigo manne. Nilihitaji kuutumbukiza kwa pigo moja, hatua kumi hivi, ili tubaki sawa.

Sheria yetu ni kwamba kabla ya kusukumiza, mchanga husawazishwa mara moja, kutoka kwenye mpira hadi shimoni, kwa kipande cha nondo kilichochomelewa mpini. Siku ya mchujo fundi ndiye hufanya hivyo ili mtu asijipendelee. Baba alikuja, akauinua mpira wangu, akavuta nondo akirudi nyuma hadi shimoni, akaurudisha mpira mahali pake. Ilibaki njia laini yenye upana wa kiganja. Niliichungulia. Nikaona, au nilidhani nimeona, kwamba imepinda kidogo kushoto mwishoni.

Nilimshuku baba yangu. Nasema wazi. Niliinua macho nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya zile fimbo, naye alikuwa anatazama mpira tu, midomo imebana. Nikasukumiza kulia kidogo kufidia. Mpira ulikwenda moja kwa moja pale nilipoulenga, ukagusa ukingo wa kulia wa shimo, ukazunguka, ukakaa nje.

Njia ilikuwa imenyooka. Niliirudia kuitazama watu walipokwisha kuondoka, nimepiga magoti kwenye oili. Ilikuwa imenyooka kama uzi wa mwashi.

Mwenye duka alinipa mkono. "Nilikuuliza kama umeijaribu chini," akasema, na safari hii sikupata kejeli yoyote ya kushikilia. Nilimchukia zaidi kwa hilo.

Timu iliondoka Jumamosi iliyofuata, asubuhi. Nilisikia sauti ya chuma kinakwaruzwa nje, nikatoka. Baba alikuwa amebana kichwa cha haibridi yangu kwenye jiriwa, analisaga lile tumbo kwa tupa. Rangi yote ya chini ilikuwa imekwisha, na vumbi la chuma limejaa kwenye magoti yake. Nilipiga kelele. Nilisema ameiharibu, kwamba hata kuibadilisha tena na vyuma kwa mwenye duka haitawezekana, kwamba nilijua alitaka nishindwe.

Hakuacha kupiga tupa. Mama alikuwa anapepeta mchele, na wala hakuinua kichwa.

"Mama," nikasema, "mwambie baba amekata mno upande wa kisigino cha fimbo."

"Mama, mwambie mwanao nitakata ninapotaka. Halafu aijaribu. Chini."

Akaifungua kwenye jiriwa, akaifuta kwa suruali yake, akaiegemeza ukutani karibu na ndoo, akaingia ndani. Nilingoja mpaka mlango ufungwe. Kisha nikachukua mpira, nikauweka kwenye udongo mtupu mbele ya nyumba.