Karatasi ya Pili ya Barua ya Zuhura

Iko siku moja ya masika ambayo siisahau, mwanangu, hata nikisahau majina ya jirani zangu, na hayo nimeanza kuyasahau. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, hapa hapa Bagamoyo, sauti kali kama wembe, mikono imejua ngoma kabla sijang'oa meno ya utoto. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Walionisikia wakati ule wengi wamekwisha kufa, sasa nani atanisifia?

Siku hiyo katibu wa tawi alisimama mlangoni pa ofisi yake akasoma tangazo. Wageni watakuja kutoka Dar, akasema, kuchagua vijana wanaojua ngoma, wakafundishwe miaka mitatu, walale na kula huko huko. Aliposema "vijana wanaojua ngoma," mimi nilikwisha kuondoka. Nilikimbia huku nimeishika khanga isinidondoke, nikamkuta mama anachambua mchicha.

"Mama, wanakuja kunichukua."

"Wamesema uende na nini?"

"Niende na mimi mwenyewe. Wanataka nini zaidi?"

Katibu alikuwa bado anasoma. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mimi, mwanangu, nilikuwa na pupa ya kula mpaka sufuria.

Sasa uchochoroni kwetu aliishi Bi Mwajabu. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa ngoma za akina mama mji mzima. Harusi bila yeye ilionekana kama msiba, na ngoma zake tano zilikaa ndani, zimefunikwa kwa shuka kama wagonjwa. Wiki mbili kabla ya wageni kufika, akaja kwake msichana mmoja wa Kikwere kutoka Lugoba, jina lake Pili. Alishuka kwenye lori la mkaa, mweusi kuliko mzigo wenyewe. Kila nikipita namwona anakuna nazi, anafagia, anateka maji. Nikajua ni mtumishi. Siku moja nikamchokoza.

"Dada, mshahara unapewa au unaahidiwa?"

"Nalipwa kwa mikono," akasema, akaendelea kukuna nazi yake.

Nikaenda kuwasimulia wenzangu, tukacheka mpaka tukakaa chini. Alasiri nikisikia ngoma inalia uani kwa Bi Mwajabu, nikadhani ni yeye mwenyewe anajifurahisha. Mimi nilikuwa na kazi kubwa zaidi: kutafuta khanga mpya na mtu wa kunisuka.

Siku ikafika. Ilinyesha tangu alfajiri. Wageni watatu walikaa barazani pa shule, na pembeni, chini ya upenu, kulikuwa na moto wa makuti. Nakuta kila kijana kaja na ngoma yake. Wengine wametoka Msata, wengine Vigwaza, wameziviringishia magunia zisilowe. Mimi nimekuja na nywele. Ikabidi nimwombe kaka mmoja wa Msata aniazime yake. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na siku ile nilijua kwamba ngoma ya kuazima haisitiri chochote kabisa.

Nikaigonga. Ikasema "bu", kama gunia la chumvi lililonyeshewa. Ngozi ya ngoma, kwa asiyejua, ikipata unyevu hulegea. Lazima uipashe moto ikaze ndipo itoe sauti.

"Imelegea, binti," akasema mgeni mmoja mwenye miwani.

"Naona."

"Basi ipeleke motoni."

Nikatazama huku na huku. "Nani anashughulika na moto?"

Mmoja wa Vigwaza akasema, "Tukuitie mama?" Baraza zima likacheka.

Mwanangu, sikuwahi kupasha ngoma moto. Nyumbani nililetewa ikiwa tayari imekaza, nikaipiga, nikapigiwa vigelegele. Kazi ya moto niliiona ya watu wasio na kipaji. Basi nikaisogeza pale makutini kama nachoma hindi, mpaka mwenyewe akainyakua kabla ngozi haijapasuka, akanipashia yeye, uso umemvimba kwa hasira. Nikapiga. Nilipiga vizuri, hilo sitalificha. Yule wa miwani akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akasema:

"Sasa tupigie ngoma isiyo ya kwenu."

"Isiyo ya kwetu?"

"Tangazo lilisema. Ya kwenu moja, ya wengine moja. Na uje na wa kukuitikia."

Sikuwa na ya wengine. Wa kuniitikia sikuwa naye. Nikaomba niimbe tu. Sasa nyimbo zetu unazijua: anayeanzisha anatupa, wengine wanadaka. Nikatupa ubeti wa kwanza, nikasubiri. Hakuna aliyedaka. Bi Mwajabu alikuwa pale pale kwenye benchi, hatua tano kutoka kwangu, anatazama mvua kana kwamba anaihesabu. Nikatupa wa pili. Ukaanguka sakafuni na wenyewe. Kuimba wimbo wa kuitikiwa peke yako ni kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Wakamwita Pili. Akaja na kingoma kidogo, ngozi ina kiraka. Akachutama motoni, akakizungusha, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza, akakizungusha tena. Wale wageni walimtazama pale motoni kwa makini kuliko walivyonitazama mimi nikipiga. Akapiga ya kwao ya Kikwere. Alipoambiwa apige ya wengine, akapiga mdundiko wetu, wa Kizaramo, wa uchochoro wetu. Akainua sauti, wala si nzuri kama yangu, na Bi Mwajabu akasimama kutoka kwenye benchi akamwitikia kwa mwili mzima.

Hapo ndipo nilipojua nani alikuwa anapiga ngoma kila alasiri.

Pili akachukuliwa. Mimi nikarudi nyumbani na matope. Nilimsubiri Bi Mwajabu kwenye kona, hata salamu sikumpa.

"Mimi mtoto wa uchochoro wako. Umeniacha naaibika, ukamwitikia mtu wa Lugoba."

Akaniangalia kutoka miguuni hadi kwenye zile nywele. "Uliniomba lini?"

Nikatazama matope miguuni mwangu.

"Yule alipanda lori akaja kuniomba. Wewe unapita mlangoni kwangu mara nne kwa siku, na shikamoo yako unaitupa kama unamtupia kuku mtama. Ngoma zimo, moto upo, mdomo wangu huu hapa. Mlango nimeufunga? Uliniomba lini?"

Nikalia. Akaniacha nilie mpaka nikachoka, hakunipa hata pembe ya khanga nijifute. Kisha akasema, "Kesho asubuhi uje. Uje na makuti."

Nilikwenda. Miezi mitatu ya kwanza sikugusa ngoma. Nilikuwa mtu wa moto tu. Wale wageni hawakurudi tena, na siwezi kukudanganya kwamba haikuniuma. Lakini mikono ile iliyofundishwa uani kwa Bi Mwajabu imepiga harusi kutoka hapa mpaka Msata, imesomesha watoto wanne, na imemfundisha mjukuu wangu Zuhura.

Zuhura huyo ndiye aliyenirudisha kwenye habari hii. Mwaka juzi aliingia na barua kaichapishia dukani, inatoka chuo kikuu, Dar.

"Shikamoo bibi. Wameniita usaili. Shahada ya muziki."

"Marahaba. Muziki una shahada?"

"Unayo, bibi. Miaka mitatu."

Barua ilikuwa karatasi mbili. Ya kwanza aliionyesha nyumba zote, mpaka kwa Mhindi wa duka la vitambaa, ambaye alimpa soda. Ya pili naiona imelala chini ya chupa ya chai. Mimi herufi nazijua, ila tunajuana kwa mbali, kama watu wa mji mmoja. Nikauliza, "Hii inasema nini?"

"Maelezo tu, bibi."

Nikamwona katibu wa tawi mlangoni pake, anasoma, na mimi naondoka.

"Kaa chini. Nisomee maelezo tu."

Akasoma. Uje na vipande viwili vya kupiga au kuimba, vya asili mbili tofauti. Uje na wa kukusindikiza kwa ala kama wimbo wako unahitaji. Utapewa nota nyepesi uisome hapo hapo. Alipofika kwenye nota, sauti ikamzama.

"Bibi, nota sijui."

"Siku ngapi zimebaki?"

"Ishirini na moja."

"Basi ni ishirini. Ya leo tumeinywa na soda."

Nikavaa baibui langu, nikamshika mkono mpaka kanisani, kwa Mwalimu Leonsi anayefundisha kwaya. Zuhura njia nzima ananivuta: bibi, watatuonaje? Nikamwambia watatuona tunakwenda kusoma.

"Karibu Bi Mkubwa," akasema mwalimu. "Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kuomba."

"Tuombe pamoja?"

"Sala zangu ninazo, mwalimu. Nakosa nota."

Alicheka mpaka akavua miwani. Siku ishirini alimfundisha kila asubuhi, mimi nimekaa benchi la nyuma na tasbihi yangu, na siku ya usaili akaenda naye Dar kumpigia kinanda. Nauli nilimpa, akala chapati zangu, nauli akairudisha.

Zuhura kaingia. Kwenye nota wakamweka darasa la wanaoanza, na akanipigia simu amenuna, kwamba yeye anajua ngoma kuliko darasa zima, iweje akae na wasiojua. Nikamwambia, moto huo, mwanangu. Chutama.

Sasa wewe unayejiandaa kwenda huko, nikwambie aliyonisimulia Zuhura, maana mimi sikusoma lakini nimesikiliza. Chuo kina vyumba vidogo vya mazoezi, na mlangoni kuna daftari la kuandika jina na saa yako. Wanaolalamika kwamba hakuna nafasi ni wale wanaofika wakati watu wameshaandika. Ala zinaazimwa stoo kwa kusaini. Ukiichukua, ikague mbele ya mtunza stoo, useme ufa ulipo, kwa sababu ukirudisha ufa ambao hukuusema, ni wako. Beba nyuzi zako za akiba, ujue kukaza ala yako mwenyewe. Usiwe wa kuuliza nani anashughulika na moto.

Watakuambia uwe na ala yako kuu, halafu ujifunze na nyingine. Usikunje uso. Watakulazimisha kuimba kwaya au kupiga kwenye bendi kila muhula, hata kama unataka kupiga peke yako; nenda, tena uwahi. Usipowaitikia wenzako, siku yako ya kupiga mbele ya walimu utamtafuta wa kukusindikiza kwa tochi. Kuna na kadi ya kuhudhuria maonyesho ya wengine, inagongwa muhuri. Zuhura anasema wapo wanaogongewa muhuri wakatoka kwa mlango wa nyuma. Hao muhuri umewapata wao, muziki haukuwapata.

Na walimu wana saa zao za kuonwa, zimebandikwa mlangoni. Mwalimu amekaa ndani, anakunywa chai yake, hana mtu. Wewe upo nje unasema chuo hakinisaidii. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama hakuvunji mgongo, nimejaribu. Kinachovunja ni kujibanza ukutani na kipaji chako, ukingoja watu wakitambue.

Basi nasaha yangu ni hii, nakupa bila kuipamba: soma karatasi mpaka kwenye sahihi. Usipoielewa, mpe mwingine akusomee, hata akiwa mdogo kwako. Kisha omba, uombe mapema, kwa adabu, na uje na kitu mkononi, kwa sababu mkono mtupu haulambwi. Kipaji ulichonacho Mungu alikupa bure. Hayo mengine yote yako kwa watu, na watu huombwa.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akulindie koo na vidole, akukutanishe na walimu wenye subira na wenzako wasio na husuda, akupe chakula cha kutosha na usingizi wa kutosha, na siku ukikosea mbele za watu akupe moyo wa kurudi kesho yake. Ukihitimu, usiniletee picha ya joho. Njoo unipigie. Nikiwa bado napumua nitakaa mbele kabisa. Na nikiwa sipumui tena, piga hivyo hivyo.