Tabora Niliyopewa

Ofisini wameniandikia tena safari ya Tabora, siku nne, na kwa mara ya tatu nimeanza kutafuta mtu wa kwenda badala yangu. Mara ya kwanza nilisingizia presha. Ya pili nilimsukumia kijana wa manunuzi, akarudi na dumu la asali na shukrani tele. Sasa nimeishiwa uongo. Fomu iko mezani, nami nakueleza wewe, maana wenzangu wakijua kuwa mtu mzima mwenye miwani anaogopa mji kwa sababu ya mchezo wa watoto, heshima yangu imekwisha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kumwagika Dodoma. Tulikaa Kikuyu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shirika moja la umma, nyumba mbili mbili zilizotenganishwa na ukuta mmoja. Baba alikuwa mtunza ghala. Mama aliuza mitumba sokoni, na siku aliyofungua belo tulilala na harufu ya dawa ya nondo. Katikati ya belo moja la nguo za watoto alikuta boksi lililobonyea pembe. Hakujua ni la nini, akaniletea mimi niliyekuwa kitandani. Mguu wangu ulikuwa umefungwa hogo, ile plasta nyeupe ya hospitali, baada ya kuteleza kwenye majabali ya nyuma ya nyumba. Daktari alisema miezi miwili, nami nikasikia miaka miwili.

Hujui kifungo kama hujawahi kulala kitandani Dodoma wakati wa kiangazi. Upepo ulipiga bati kutwa, vumbi jekundu likapenya kwenye wavu wa dirisha na kutua juu ya shuka. Ndani ya hogo mguu uliwasha, nikawa naukuna kwa njiti ya mwamvuli. Nje niliwasikia wenzangu wakicheza rede na kugombana nani kapigwa na nani hakupigwa, na mimi kazi yangu ilikuwa kuchambua mlenda kwenye ungo mapajani.

Ndani ya boksi mlikuwa na kitabu cha Kiingereza, ramani, na dadu moja la kijani lenye nyuso ishirini. Mwalimu jirani alipokuja kunipa pole alikisoma kitabu kwa kukunja uso. Akasema ni mchezo wa kusimulia. Mmoja anakuwa msimuliaji, wengine wanakuwa wasafiri waliotumbukia nchi ya mashetani yenye malango saba, na msimuliaji ndiye shetani, ndiye lango, ndiye njia, ndiye kila kitu. Sheria zilizobaki zilimshinda. “Mengine mtajaza wenyewe,” akasema, akaenda zake.

Tukajaza kwa tulichokuwa nacho, yaani vitendawili. Dadu likianguka juu ya kumi, msafiri anapita. Likianguka chini, shetani anatega. Unakumbuka ilivyokuwa: ukishindwa unaombwa mji, unautoa, na aliyetega anasema alikwenda huko, akapokelewa, akala akashiba, ndipo anatoa jibu. Sisi tuliongeza sheria moja. Mji uliompa shetani huna ruhusa ya kuukanyaga mpaka utoke lango la saba, ukiukanyaga kabla hutoki tena, na ukitoka unarudishiwa miji yako yote.

Bibi yangu hakupenda. Si kwa sababu ya mashetani, hao alisema kanisani anawasikia kila Jumapili. Alichokataa ni kutega vitendawili mchana. Kwao, alisema, anayetega mchana humpoteza mtu njia. Nikamjibu kuwa usiku rafiki yangu haruhusiwi kutoka kwao. Bibi akaendelea kukaanga karanga zake, akasema sikio la kufa halisikii dawa.

Rafiki yangu alikuwa mtoto wa upande wa pili wa ukuta. Wengine walikuja siku mbili wakachoka na kurudi kwenye rede. Yeye alikuja kila alasiri akitoka madrasa, akivua kandambili mlangoni na kumwamkia bibi. Kabla hajaja alipiga ukuta mara tatu, nami nikajibu mara tatu. Kitabu kilitaka msafiri awe shujaa mwenye upanga. Yeye alichagua kuwa mama muuza karanga, kwa sababu shujaa akiishiwa chakula atakufa, na muuza karanga hali njaa hata kuzimu. Kapu lake lilikuwa kapu la kweli la mama yake, na kila lango alilopita alimpimia shetani kibaba cha karanga, ambacho shetani alikila chote.

Alinipa Zuzu, akanipa Bahi, akanipa Manyoni. Alinipa Kondoa, siku iliyofuata akanipa na Kolo. Tabora hakuitoa kamwe. Ndiko kulikokuwa na nyanya yake, mama yake baba, na hata aliposhikwa pabaya alitafuta vijiji visivyojulikana kuliko kuutaja mji huo. Mimi nami nilikuwa na hila yangu. Alipokaribia lango la saba, nilizusha bonde, au mto wa majivu, au nikasema tumekosea njia. Akitoka kule atakuja kufanya nini tena kwenye kitanda changu? Nilimfungia humo ili nisifungwe peke yangu.

Kisha shirika likapunguza watu. Baba yangu alibaki. Baba wa rafiki yangu lilisomwa jina lake. Mama alinieleza huku akikunja mashati: jirani wanarudi Tabora, Alhamisi, kwa treni ya asubuhi. Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa juu ya shirika. Ilikuwa juu yake yeye, kwa kuwa na mahali pa kwenda.

Jumanne alikuja kama kawaida. Alikuwa mbele ya lango la saba na sikuwa na bonde lingine la kuzusha. Dadu likaonyesha nne. Nikatega: amefunga mlango, ufunguo kaumeza, na analia kwamba kafungiwa. Aliwaza mpaka jasho likamtoka. Hakuwa mjinga. Kitendawili hicho hakikuwa na jibu, nilikitunga palepale ili ashindwe.

Nikamwambia anipe mji. Akasema Kigwe. Nikakataa, nikasema shetani wa lango la saba huchagua mwenyewe, na anataka Tabora.

“Na nisipotoa?” akauliza.

“Utabaki humu.”

Akaliweka kapu lake chini. “Haya. Nakupa Tabora.”

Nikasema maneno yote kwa sauti ya shetani: nilikwenda Tabora, nikapokelewa vizuri, nikakalishwa mkekani, nikala asali. Jibu nikasema nitampa kesho. Moyoni niliamini kabisa kwamba nimeshinda, kwamba watu hawawezi kuhamia mji ulio mikononi mwangu.

Naye aliamini hivyo hivyo. Hilo sikulitarajia. Siku iliyofuata hakuja, nilisikia tu makabati yakiburutwa. Alhamisi asubuhi nikasikia kilio. Alikuwa ameng'ang'ania nguzo ya kibaraza, hataki kupanda mkokoteni uliobeba mizigo, anasema akikanyaga Tabora hatatoka tena. Mama yake akamvuta mpaka chumbani kwangu, yeye na macho mekundu. Hakugomba. Mwanamke aliyekuwa na watoto wanne na mume asiye na kazi, treni ikisubiriwa, aliinama kitandani pangu akaniomba kwa upole.

“Mwanangu, mwambie mwenzio umemrudishia mji wake. Neno moja tu, twende zetu.”

Rafiki yangu alinitazama. Neno lilikuwa mdomoni. Ningelisema angekwenda, nisingelisema pengine angebaki, ndivyo nilivyofikiri. Nikageuka ukutani. Nikasema sheria ni sheria.

Waliondoka. Alimuaga bibi, nilimsikia, mimi hakuniaga. Honi ya treni iliposikika kutoka stesheni niliinuka kwa mguu mmoja mpaka dirishani, nikapiga kelele kwamba nimemrudishia, nimemrudishia yote. Bibi alikuwa nyuma yangu na ungo wake. Akaniambia taratibu kwamba mji hutolewa kwa mdomo na hurudishwa sikioni, sasa huyo ninayemrudishia yuko wapi? Jioni ile nilipiga ukuta mara tatu. Ilijibu nyumba tupu.

Miezi kadhaa baadaye msafiri mmoja alituletea chupa ya asali kutoka kwa mama wa rafiki yangu, na salamu. Mtoto hajambo, anasoma, ila anauliza jibu la kitendawili. Anasema akilipata atatoka. Sikuwa nalo, basi sikutuma kitu. Niliila asali ile kwa ugali wa uwele huku nikilia, na chupa ilipokwisha salamu nazo zikakoma.

Shirika lilikufa. Nyumba zile zimevunjwa, ukuta wetu hauko, pamejengwa hosteli ya ghorofa nne. Bibi tulimzika, na watoto wangu ukiwaambia kitendawili wanakutazama tu, hawajui kujibu tega. Dadu la kijani ninalo, kwenye kopo la vifungo. Jibu pia ninalo siku hizi, halikunichukua muda mrefu nilipokuwa mtu mzima: aliyeumeza ufunguo ni mimi. Simjui tu wa kumwambia, wala mlango anaokaa.

Nimesaini fomu sasa hivi. Utotoni nilisema nilikwenda Tabora, nikapokelewa vizuri, nikakalishwa mkekani. Sijawahi kufika.