Wakwe Walipokuta Viti Nje

Celestini aliishi katika nyumba ya halmashauri pale Biharamulo tangu alipoajiriwa kuendesha greda. Alipostaafu akapewa notisi ya kuhama. Akaomba aongezewe muda, akaongezewa, kisha ikaja notisi ya pili. Hakuwa mbishi. Nyumba yake mwenyewe kule Nyarubungo ilikuwa imefika madirishani ikakwama, na huku muuguzi mgeni alikuwa akiisubiri ile ya halmashauri. Muda ukaisha asubuhi ileile ambayo wakwe kutoka Nemba walikuwa wanakuja kumposa binti yake, Diane.

Shamsia, afisa wa nyumba, alifika na mgambo wawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wageni wangu wako njiani, mama. Wakikuta natolewa, posa imekufa."

"Pole mzee. Lakini leo nafunga."

Mgambo wakatoa viti, meza, kabati na kitanda. Mke wa Celestini, Mukeshimana, asiyependa kuona kitu kimekaa ovyo, akawa anawaelekeza: viti huku, meza katikati, kitanda kipelekeni nyuma. Wakatii. Shamsia alikuwa anabana kufuli mlangoni wageni walipoingia uani na madumu ya pombe ya ndizi.

Msemaji wao, mzee Niyibizi, akavitazama viti.

"Mmetupokea vizuri. Mahali pengine tulibanwa sebuleni kama kuku wa mnadani."

Akakaa. Wenzake wakakaa. "Na wewe shangazi wa binti, mbona umesimama?"

Shamsia akatazama nyuma yake, hakuona shangazi mwingine. Akakaa.

Maneno yakaenda vizuri, na ng'ombe wakakubaliwa. Ndipo Niyibizi akauliza: siku ya harusi bibi harusi atatokea mlango huu?

Celestini akautazama mlango. Kusema ndiyo kungekuwa rahisi.

"Huo si wangu tena. Umefungwa sasa hivi. Wangu uko Nyarubungo, na haujawekwa. Hata paa hakuna."

Niyibizi akanywa, akafuta mdomo.

"Vijana ninao. Watapandisha ukuta, wataezeka. Lakini tupunguze ng'ombe mmoja."

"Ng'ombe mzima? Na mabati ni yangu? Hata greda la halmashauri halikodishwi hivyo."

"Basi binti atatokea kichakani."

Wakavutana mpaka dumu la kwanza likaisha. Mwishowe wote wawili wakamgeukia shangazi.

"Ndama," Shamsia akasema, akatia ufunguo mkobani.

Wakakubali. Gari lililoleta pombe likaondoka na kitanda kuelekea Nyarubungo, mgambo wakisukuma kwa nyuma, maana lilikataa kuwaka.