Barua ya Benki Niliyomsomea Mjane wa Ndugu Yangu

Mimi ni mwizi, ingawa sijawahi kuvunja mlango wa mtu. Ni mwalimu mstaafu hapa Meru, kanisani ndimi ninayesoma Biblia, na nilimwibia mjane wa ndugu yangu nyumba kwa kumsomea barua. Nikimaliza, nitukaneni tu.

Ndugu yangu aliendesha pikapu za miraa kutoka mji wa Maua. Alinunua nyumba ndogo ya mawe kwa mkopo wa benki, akaiandikisha kwa jina lake na la mkewe. Ajali ikamchukua. Mkewe, Mmbeere wa kabila jirani kutoka Gachoka, aliyeacha shule darasa la nne, akabaki na watoto watatu, kibanda cha mboga na deni. Mimi nikabaki na kinyongo. Nyumba ya damu yetu ikae na mwanamke wa kuja? Thubutu!

Miezi minne ikapita bila malipo, na wadai wakaanza simu. Walimtukana asubuhi, wakamtukana mchana, wakampigia hata mwenyekiti wa akina mama kanisani, eti wanamtafuta mwizi. Alikuja kwangu, barua ya benki mkononi.

"Shem, nisomee. Hii Kizungu ni mingi, na wewe ndio mwalimu. Hao watu wameniaibisha mpaka naogopa kushika simu."

Niliisoma kimya. Ilisema ana siku tisini za kulipa alichochelewesha, anaweza kwenda benki wakapanga malipo upya, na ana haki ya kwenda mahakamani. Na nilijua vizuri kwamba hakuna mdai anayeruhusiwa kumtukana wala kutangaza deni lake kwa watu.

Nikavua miwani. "Ijumaa," nikamwambia. "Ijumaa dalali anakuja kutupa vitu vyako barabarani. Na usithubutu kwenda benki, watakushika."

Alilia akakaa sakafuni. Nami nikamwacha alie kidogo, ili aive! Kisha nikamwambia niko tayari kuubeba mzigo huo, mradi nyumba iwe yangu. Akanishika mikono yote miwili akaniombea baraka. Alikuwa bado anaomba, nami nilikuwa napiga hesabu ya wapangaji.

Kabla ya Ijumaa alikuwa ametia sahihi karatasi zote kwa wakili niliyemchagua mimi. Akarudi kwao Gachoka na watoto wake, kule ambako maji hufuatwa kwa punda. Mimi nilimaliza deni, nikaiuza nyumba, nikanunua gari. Gari lenyewe limekufa, na pesa zimekwisha. Kwa hiyo msiniulize kwa nini siirudishi.

Baada ya mwaka shemeji alienda benki kufuata karatasi za marehemu. Karani akamshangaa: "Mama, mbona ulihama haraka hivyo? Ulikuwa na miezi mitatu, na hata hapo tungeongea."

Alinikuta sebuleni nikinywa uji na mama yetu. Hakupiga kelele. Aliweka barua mezani.

"Nisomee tena, shem. Polepole, Mama asikie."

Nilisoma. Nilifika kwenye zile siku tisini. Mama akaniuliza kwa Kimeru kama ndivyo nilivyosoma mara ya kwanza. Nikaikunja barua. Siku hiyo hiyo Mama alifunga nguo zake kwenye leso akamfuata mkazamwana wake Gachoka, kwenye jua na vumbi, na uzee wake wote ule!

Mwaka jana tulimzika Mama hapa nyumbani. Alikuwa ameacha neno kwamba nisitie udongo kaburini. Mimi, mtoto wake pekee aliyebaki, nilisimama nyuma ya hema pamoja na wapishi, na shemeji ndiye aliyetia udongo. Nilistahili.

Ndugu msomaji uliyechelewa kulipa mkopo wa nyumba, barua ya benki si hukumu. Imekupa siku, zitumie! Nenda mwenyewe uongee nao. Wakikutukana, andika jina na saa, ukashtaki. Usihame kwa sababu ya simu. Na kama husomi Kizungu, mpelekee barua mtu asiyeitamani nyumba yako.