Betri za Kuanika

Juzi Mzee Kulwa, fundi redio wa utotoni mwangu, aliniletea redio yake ndogo kwenye kibanda changu cha ufundi, Igoma. Macho yake hayaoni tena vizuri.

Nikakumbuka alasiri niliyomwomba transista, kile kidude cha kukuza mawimbi, ya redio ya betri mbili, niliyokuwa naiunda mwenyewe. Alinipa kubwa, ya amplifaya, mashine ya kukuza sauti ya spika kubwa. Redio ikakaa kimya.

“Betri zimechoka, binti. Kazianike.”

Mafundi wenzake walicheka. Nami nikazianika kando ya dagaa wa mama, nikizigeuza hadi vidole vikanuka samaki. Sikujua transista ile ilitaka umeme mwingi kuliko wa betri mbili.

Juzi niliifungua redio yake: imeungua transista. Inayofaa ninayo, drooni. Nikaifunga droo.

“Betri zimechoka, baba. Kazianike.”