Mwonja unga wa Kilima cha Sala

Saa moja asubuhi, Alhamisi, Frida Anastazi anachovya ncha ya kidole kwenye kiroba cha unga wa muhogo, anaiweka ulimini na kufumba macho. Wanawake kumi na wawili waliopanga foleni mbele yake wananyamaza. Hata mtoto aliyekuwa akilia mgongoni kwa mama yake anabembelezwa haraka haraka, utadhani kilio chake kinaweza kuharibu ladha.

Frida anahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini. Anatema mate kwenye majivu, anasukutua kwa maji, kisha anafumbua macho.

"Mzuri, mama. Mwaga."

Mwenye kiroba anacheka kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Anaumwaga unga wake juu ya turubai, unachanganyika na wa wenzake, na foleni inasogea.

Hapa ni Murusagamba, wilayani Ngara, kwenye uwanja ulio chini ya mlima ambao wenyeji wanauita Kilima cha Sala. Zimebaki siku tatu kabla ya Sala ya Mbegu, mkusanyiko unaofanyika kila mwaka kabla ya mvua za kupandia. Wakatoliki, Waanglikana, Walokole, Waislamu na wale wanaofuata mila za mababu hupanda kilima siku moja, kila mmoja akiomba kwa namna yake, wengine wakisubiri zamu kwa adabu.

Mbegu huwekwa kwenye tenga moja, zikaombewa, na kila kaya hurudi nyumbani na konzi ya mbegu za kaya nyingine. Unga nao huchangwa na kuchanganywa, ukasongwa ugali mmoja. Kitoweo ni maharage miaka yote. Nyama haipikwi, asije mtu akauliza nani kachinja.

Frida, mwenye umri wa miaka 44, ndiye anayeratibu chakula hicho kwa mwaka wa tisa sasa. Halipwi. Siku za kawaida ni mpishi wa shule ya msingi, anawapikia uji wanafunzi 380 kwa kuni anazozipasua mwenyewe.

Mwaka huu anaifanya kazi hiyo kwa hofu ambayo haifichi.

"Naogopa," anasema bila kuulizwa, akipangusa viganja kwenye kanga. "Wiki nzima sijala pilipili, sijanywa chai ya moto, ulimi wangu usije ukadanganya. Usingizini naonja unga. Mume wangu Privatus anasema natafuna tafuna kama mbuzi."

Sababu ya hofu hiyo inajulikana na kila mtu kwenye foleni. Mwaka jana, saa mbili baada ya chakula, watoto walianza kutapika. Wengine walishika vichwa, wengine miguu iliishiwa nguvu wakaanguka kwenye majani. Watu 37 walipelekwa zahanati kwa bodaboda na baiskeli, wengi wao wakiwa na umri wa chini ya miaka kumi. Joyness, binti wa miaka sita, alikaa siku mbili bila kujitambua.

Hakufa mtu. Bwana afya aliyefika kesho yake alieleza kwamba ulikuwa muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha. Muhogo wa namna hiyo unatakiwa ukae majini siku nne au zaidi ndipo uanikwe na kusagwa. Mwaka ule chemchemi zilikuwa zimepungua, na kuna mtu aliharakisha.

Lakini maelezo ya bwana afya yalifika yamechelewa. Kufikia jioni ile, kilima kizima kilikuwa kimeshampata mkosaji.

Jina lake ni Ng'washi, mwanamke wa miaka 58 aliyehamia hapa kutoka Shinyanga na mumewe na ng'ombe wao, miaka kumi na miwili iliyopita. Mume alishafariki. Siku ile Ng'washi alichelewa kufika, kiroba chake kikamwagwa karibu na mwisho. Mgeni, mjane, kachelewa, na bibi yake alikuwa mganga huko kwao. Watu walijumlisha.

"Hawakusema kaharakisha muhogo," anakumbuka Frida. "Walisema katia kitu."

Nyumba ya Ng'washi ilipigwa mawe mara mbili. Shamba lake la mihogo liling'olewa mchana kweupe. Kanda hii wote tunajua kinachowapata wanawake wa umri wake wakishaitwa wachawi, na yeye alijua kuliko sisi. Alifungasha vyombo akaenda kuishi kwa binti yake Recho, upande wa Biharamulo, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki.

Unga wenyewe haukuwa wake.

Frida analisema hili akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mbali kidogo na wenzake, macho yakiwa kwenye turubai. Mwandishi anaweka kalamu chini na kumuuliza kama ana hakika anataka liandikwe.

"Andika. Gazeti likifika huku nitakuwa nimeshasema mwenyewe."

Unga ulikuwa wa Frida.

Ilikuwa hivi. Zamani unga ulipokelewa asubuhi ileile ya sala, bila kukaguliwa. Kuonja unga wa mtu mbele yake ilikuwa sawa na kumwuliza kama kaja kuua watu. Kwa desturi, unga wa mratibu ulimwagwa wa mwisho, juu kabisa, kama mfuniko. Na sufuria ya kwanza, iliyochotwa juu, ilikuwa ya watoto, kwa sababu watoto hawawezi kusubiri.

Wiki ile Frida alikuwa mbio. Alikwenda Keza, akaenda Murukulazo, akaazima masufuria, akatafuta kuni, akapatanisha wazee wawili waliogombea nani aombe kwanza. Muhogo wake aliuloweka Jumatatu. Jumatano, kwa kuwa kesho yake angekuwa safarini, aliuopoa.

"Nilijiambia siku mbili zinatosha, jua litamalizia," anasema. "Mimi! Mimi ninayewafundisha mabinti kuloweka."

Aligundua siku ya tatu baada ya mkasa, aliposonga ugali wa unga uliobaki nyumbani. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni. Akakumbuka kwamba waliougua wote walikula sufuria ya kwanza. Akaumwaga ugali ule shimoni, akafukia, akanyamaza.

Alinyamaza miezi kumi.

"Usiniulize kwa nini. Najua kwa nini. Niliogopa wangenifanya walivyomfanya yeye. Wangeweza kumuua yule mama, nami ningekuwa jikoni nakoroga uji."

Adhabu yake, kama anavyoiita, inakuja kila siku ya masomo saa nne asubuhi. Joyness amepona, yuko darasa la kwanza, na hupanga foleni na kikombe chake cha plastiki. Mama yake kila wakikutana humshukuru Frida kwa maombi.

"Ananishika mikono miwili. Ananiambia Mungu akubariki, Mama Elick. Siku hiyo silali."

Mwezi uliopita kamati ya Sala ya Mbegu ilikutana, na wengi walitaka kila dhehebu lije na sufuria yake. Frida alisimama kupinga. Alijua kwamba sufuria zikigawanywa mwaka huu, mwakani vitagawanywa vilima. Walipomwuliza nani atathubutu tena kula unga wa mwenzake, ndipo maneno yakamtoka.

Mwenyekiti wa kamati, katekista Leonidas, mzee wa miaka 67, anakumbuka alichomjibu. "Nilimwambia, mwanangu, Mungu ameshakusamehe, liache hapa hapa mezani. Ukilisema kilimani, watu watakurarua, na hii sala hatutaiona tena," anasema. Anavua kofia na kuitazama ndani. "Nilikuwa naogopa kuliko yeye. Nilijifanya namwonea huruma."

Frida aliomba mambo matatu. Unga upokelewe mapema na kuonjwa, wa kila mtu bila kubagua. Kila kaya ije na jirani wa kushuhudia kwamba muhogo ulikaa majini siku nne. Na unga wake yeye uonjwe na Ng'washi.

Wiki tatu zilizopita alipanda pikipiki hadi Biharamulo. Alimkuta Ng'washi anapukuchua mahindi.

"Nilipiga magoti, nikasema shikamoo, mama. Hakuitika. Nikamweleza yote, tangu siku niliyouopoa muhogo. Aliendelea kupukuchua. Nilipomaliza akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasikia komeo."

Tangu siku hiyo hana habari zake. Simu hazipokelewi. Kiroba cha Frida, unga uliokaa majini siku tano na jirani kushuhudia, kimesimama peke yake pembeni ya turubai tangu asubuhi, kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Wenye foleni wanakitazama na kutazamana. Wameambiwa tu kwamba kinasubiri mwonjaji.

Kufikia saa sita mchana vimepita viroba 83. Vitatu vimerudishwa. Wenye viroba viwili walikubali kwa aibu. Wa tatu, mwanamume, alipandisha sauti akauliza kama anaitwa mchawi. Frida hakukipokea.

Mwandishi naye, kwa udadisi wa kazi, alichovya kidole kwenye kimoja kati ya vilivyorudishwa. Mwanzoni ni unga tu. Halafu uchungu unakuja polepole nyuma ya ulimi, na hauondoki kwa maji.

Bwana afya, aliyepita kukagua vyoo na maji ya kunawa, hakuficha wasiwasi. Anasema ushahidi wa majirani ndio anaouamini, kwani ulimi unaweza kukosea. Anajua pia kwamba jioni Frida atasonga ugali wa majaribio kutoka kwenye unga uliochanganywa na kuula mwenyewe kabla ya watu wengine. "Nimemkataza. Amenijibu vizuri sana, na atakula," anasema.

Saa tisa kasoro, baiskeli inatokea kwenye njia ya migombani. Kijana anaisukuma. Nyuma yake anatembea mwanamke mrefu, mwembamba, kitenge cha bluu mabegani, na kiroba kidogo kichwani.

Watu wanajitenga bila kuambiwa. Mama mmoja anamvuta mwanawe kwa mkono. Hakuna anayesalimia.

Frida anasimama, anapiga magoti palepale kwenye vumbi. "Shikamoo, mama."

Ng'washi anashusha kiroba chake. Anamtazama Frida kwa muda ambao mwandishi asingependa kutazamwa.

"Marahaba."

Frida anainamisha kichwa na kulia kwa sauti. Ng'washi hamgusi wala hambembelezi. Anauliza kiroba ni kipi, anaonyeshwa, anafungua kamba. Anachovya, anaonja, anatema. Anachovya tena, safari hii kutoka chini kabisa, mkono umezama hadi kwenye kiwiko. Kisha anakinyanyua kiroba na kukimwaga kwenye turubai mwenyewe.

"Na wangu onja," anasema. "Onja mbele yao."

Frida anaonja. Anaumwaga juu ya turubai.

Kazi ya kuchanganya inafanywa kwa mabeleshi, unga unageuzwa mara tatu ili pasiwe tena na juu wala chini. Kisha Frida anawasha moto wa mafiga matatu na kusonga ugali mdogo, wa sahani moja. Anavuta kigoda akae kula. Ng'washi naye anavuta kigoda, ananawa.

"Wewe hapana, mama," Frida anamzuia. "Hili ni langu."

"Mwaka jana waliniambia nimewalisha watu sumu na mimi sikuwa nimekula," Ng'washi anamjibu. "Mwaka huu nakula. Sogeza sahani."

Wanakula bila kitoweo, tonge kwa tonge. Leonidas amesimama pembeni, kofia mkononi. Wale waliojitenga wamesogea hatua chache, si nyingi.

Baada ya kunawa, mwandishi anamuuliza Ng'washi kama amesamehe. Anajibu kwamba hajaja kwa ajili ya hilo. "Nimekuja nisikie akisema Jumapili. Asiposema, nitasema mimi."

Frida anasema atasema kabla mbegu hazijaombewa, akiwa amesimama karibu na mama yake Joyness, ili asipate pa kukimbilia. Baada ya hapo hajui. Huenda akapoteza kazi ya shule. Huenda mawe yakahamia bati lake. Anachotamani ni kuona sufuria moja, na Ng'washi akichota wa kwanza.

Mwandishi anaondoka jua likiwa bado juu, akiwaacha wanawake wawili wamekaa kwenye vigoda, kila mmoja akimtazama mwenzake usoni kutafuta dalili.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu inaita. Ni Frida. Sauti yake iko chini, na nyuma yake anasikika mwanamke mwingine akilalamika kwamba chai haina sukari.

"Tumeamka sote wawili," anasema. "Sasa imebaki Jumapili."