Neli Zilizotakiwa Kuwa Safi

Kazi yangu ni kuzimua. Katika maabara ya zahanati moja hapa Changamwe, nachukua maji ya damu ya mama mjamzito, nayachanganya na maji ya chumvi kiasi kile kile katika neli ya kioo, kisha nusu yake naitia neli ya pili, na nusu ya hiyo neli ya tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho wa safu. Kila neli ina nusu ya nguvu ya iliyotangulia. Halafu naongeza damu ya kupimia, natazama inashikana madonge mpaka neli ya ngapi. Yakiishia neli za mwanzo, tunashukuru. Yakifika mbali, mwili wa mama unaishambulia damu ya mwanawe mwenyewe.

Siku hiyo maji ya damu yalikuwa ya mdogo wangu. Neli nilizotaraji ziwe safi zilikuwa na madonge. Nikarudia kipimo, yakawa pale pale.

Damu yake ni hasi, ya mumewe chanya, hilo nililijua. Lakini mwili hauchukii kitu usichowahi kukutana nacho, na kliniki waliambiwa hii ni mimba ya kwanza. Aliyejibu ni mama yetu, aliyemsindikiza.

Nilimfuata mdogo wangu kwake Bombolulu, nikamkuta juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilimuuliza bila kuzunguka. Mikono yake ikasimama.

"Ilikuwapo nyingine, dada," akasema. "Ilitoka ikiwa ya miezi minne, wewe ukiwa chuoni. Mama alisema isiyofika haitajwi. Ukiitaja, unaiita na ya pili."

Nyumbani kwetu ndivyo. Wanawake wawili watatu huzika nyuma ya nyumba, hakuna matanga, hakuna pole, na kesho yake mwenye uchungu anatarajiwa kufagia uwanja kama kawaida. Na ni watu hao hao wanaokwambia mficha uchi hazai! Nilikasirika mpaka nikashindwa kuaga. Ipo sindano ambayo hudungwa mara tu mimba inapoharibika, kabla mwili haujajifunza uadui. Lakini nani angemdunga kwa jambo ambalo halikusemwa?

Sasa ilikuwa imechelewa. Daktari alijitahidi, akampeleka hospitali kubwa, akarudishwa, akapelekwa tena. Kila kipimo madonge yalisogea neli moja mbele, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyaona kwanza. Niliichukia kazi yangu. Mdogo wangu alikuwa akinitazama usoni nikitoka maabara, nami nikajifunza kutokea mlango wa nyuma.

Mtoto alizaliwa kimya. Msichana, mwenye nywele nyingi, mwili umevimba maji. Nilimwosha mimi. Sijawahi kuumia vile, na sidhani nitapona.

Safari hii tulizika kwa watu na nyimbo za kanisani. Waombolezaji walipotawanyika, mama alinivuta jikoni akarudisha mlango. Hakuwa amelia siku nzima.

"Hiyo sindano aliyoisema daktari," akauliza, "ingetosha moja?"

Ningeweza kusema sijui. Mwanamke mwingine, mwenye moyo laini kuliko wangu, angesema hivyo.

"Ingetosha, mama."

Akaketi sakafuni, akanyoosha miguu. Kisha akaanza kunieleza juu ya yule wa kwanza, kwa sauti ya chini: kwamba alikuwa mvulana, kwamba yeye mwenyewe alimfunga kwa kanga yake mpya, na kwamba vidole vyake vilikuwa vimetimia vyote.